Marinda Niliyoyafumua

Nyie vijana mnaojifunza cherehani pale Beltsville mmeniomba mara tatu niwaandikie habari za kazi yangu, na mara tatu nimewazungusha. Safari hii naandika. Lakini kabla hamjashika kalamu kunukuu mbinu, kuna jambo moja hamlijui. Sikuwa fundi wa suti. Miaka yote kumi na tisa niliyofanya kazi Fairfax, huku Marekani, kila mtu wa kwetu aliyeniuliza nilimwambia nashona suti za wakubwa, na watu wakanipa heshima kwa ajili ya suti ambazo hawakuwahi kuziona. Kazi yangu ilikuwa kushona kilti.

Kilti, kwa asiyeijua, ni vazi la wanaume wa Uskoti. Ni kitambaa cha sufu cha drafti, yadi nane hivi, kinachozungushwa kiunoni na kufungwa kwa mikanda ya ngozi. Mbele ni bapa, nyuma ni marinda matupu. Hushuka mpaka kwenye goti na kuvaliwa na soksi ndefu na mkoba mdogo wa ngozi unaoning'inia mbele. Mkinicheka mnaruhusiwa. Mtu wa kwetu akiiona mara ya kwanza anasema jambo lile lile: hii ni sketi ya shule ya msingi. Na mimi nilisema hivyo siku ya kwanza, nikiwa nimesimama mlangoni kwa Bibi Jean na bahasha ya vyeti vyangu mkononi.

Bibi Jean ndiye alikuwa mwenye duka. Mzaliwa wa Virginia, babu zake walitoka Uskoti, mwanamke mfupi mwenye vidole vigumu na macho yasiyosamehe. Alinipa sindano na kipande cha sufu akaniambia nishone kwa mkono, mishono midogo, bila cherehani. Alipoona mishono yangu akaniuliza nitaanza lini. Nilihitaji kazi. Nikasema kesho.

Kosa langu la kwanza mlisikie vizuri maana litawapata na nyinyi. Mimi nilifundishwa Pangani kwamba nguo isiyo na pindo ni nguo isiyokwisha. Basi kilti ya kwanza niliyoachiwa peke yangu niliikunja chini, nikaipiga pindo safi la inchi mbili, nikainyoosha kwa pasi mpaka ikasimama. Nikamwonyesha Bibi Jean nikitarajia sifa. Akaitazama akasema, "Umeiziba mdomo." Kilti haina pindo. Ukingo wa kitambaa wenyewe, ule uliofumwa kiwandani, ndio unaokuwa chini, ili marinda yacheze mtu anapotembea. Pindo huyafanya yawe mazito, na ukitembea yanakupiga miguuni. Nilifumua mchana kutwa huku naye ananyamaza pembeni, na kunyamaza kwake kulikuwa kubaya kuliko kelele za mwalimu wangu wa Pangani.

Jambo la pili ni kupima. Mwanaume ukimuuliza kiuno chake atakutajia namba ya suruali yake, na namba hiyo ni ya uongo, kwa sababu suruali ameishusha chini ya kitambi. Kilti inakaa juu, usawa wa kitovu. Usimuulize. Mpime, tena mpime ametoa pumzi, maana kila mwanaume akiona futi anavuta tumbo ndani. Urefu unapimwa amepiga magoti, kilti iinuke sakafuni kiasi cha dole gumba. Nilishawapigisha magoti mawakili, maaskari wa zimamoto, na bwana mmoja aliyekuwa jenerali. Wote walipiga magoti kwa adabu.

Marinda ndiyo kazi yenyewe. Huyakunji ovyo. Unayakunja ili drafti ya nyuma ifanane na ya mbele, mstari ukutane na mstari, kana kwamba kitambaa hakijakunjwa kabisa. Kisha kila rinda unalipunguza kidogo kuanzia kwenye nyonga kwenda kiunoni, kwa mkono, uzi wa rangi ya mstari unaoupitia. Ukikosea rinda moja kwa unene wa uzi, la kumi litakuwa limekosea kwa unene wa kidole. Ukimaliza unapiga bandi, zile nyuzi nyeupe za kushikilia kwa muda, unapiga pasi na kitambaa chenye maji, unaacha ikauke. Na umwambie mteja azitoe bandi. Yupo mmoja hatukumwambia. Alifunga ndoa Jumamosi na bandi zote mahali pake, akatembea kanisani kwa hatua za mbuzi aliyefungwa kamba. Jumatatu alitupigia simu kuuliza kama kilti zote zinabana hivyo.

Siku hizi mambo yamepanuka. Nilipoanza, wateja walikuwa wazee wenye majina ya koo na bendi za wapiga filimbi za polisi na zimamoto. Halafu wakaanza kuja vijana wa kompyuta, ndevu mpaka kifuani, wanataka kilti ya turubai nyeusi yenye mifuko mikubwa pembeni kama ya suruali ya fundi bomba. Bibi Jean alikataa mwaka mzima. Mwisho akakubali kwa sababu fundi mmoja wa magari alimwambia, kwa heshima kabisa, kwamba yeye hupata joto kali chini ya magari na hiyo ndiyo nguo pekee aliyowahi kuvaa akasahau kama ameivaa. Nilizishona nyingi. Turubai inashonwa kwa cherehani, mkono hauwezi, na sindano zinavunjika kama vijiti vya kiberiti. Nimeshona za denimu, nimeshona ya ngozi. Mwanafunzi mmoja Mkenya wa chuo cha College Park alileta shuka jekundu la Kimasai akataka nimshonee kilti nalo, na ikatoka nzuri mpaka Bibi Jean akaipiga picha. Nilimwambia yule kijana naitwa Michael na natoka Jamaika.

Mmeona? Ndiyo aibu yangu ilivyokuwa inafanya kazi.

Nilikuwa na koti moja la suti, la kijivu, lisilo la mtu. Nililitundika kwenye kiti cha nyuma cha gari langu, ndani ya nailoni, miaka yote. Nikienda msibani au kwenye harusi, gari langu likifunguliwa watu wanaona koti la suti wanasema, fundi yuko kazini. Mke wangu alikuwa akiliangalia anatikisa kichwa. "Hilo koti litakuja kuzeeka kabla hujalipeleka kwa mwenyewe," alikuwa ananiambia. Nilimwambia asiingilie mambo ya kazi.

Na cha ajabu ni kwamba mimi nimelelewa na mwanaume aliyevaa msuli. Baba yangu akitoka kazini alikuwa anavua suruali kwa furaha, anajifunga msuli, anakaa kibarazani na kahawa, na hakuna aliyemwona si mwanaume. Bibi Jean aliwahi kuona picha yake kwenye simu yangu akaniuliza hiyo ni nguo gani. Nilimjibu haraka kwamba ni ya kulalia. Hata baba yangu mzazi nilimkana kwa kitu kidogo kama hicho.

Sasa nifike kwenye habari yenyewe, maana hizi nyingine zote ni za kusogeza muda.

Mama Ema mnamjua, nesi msaidizi anayewatunza wazee majumbani mwao, ndiye aliyewatafutia kile chumba cha mafunzo. Mtu wa Moshi, mjane. Mumewe alikufa mwanawe wa kiume, Ema, akiwa na miaka minne, na mtoto akakulia hapa hapa Beltsville, Kiswahili anakielewa chote na kukizungumza kwa kuchanganya. Mimi nilikuwa mtu mzima wa karibu, wa kuitwa kwenye mambo ya familia. Akiwa mdogo nilimpunguzia suruali za shule bure, na hakupita mbele yangu hata siku moja bila shikamoo.

Siku moja mchana Ema aliingia dukani Fairfax pamoja na bwana mmoja wa makamo ninayemjua, Bwana Alan. Bwana Alan alikuwa mteja wetu wa zamani. Kilti yake nilimshonea mimi, kijani na bluu na uzi mwembamba wa njano, kitambaa cha ukoo wake, maana kila ukoo wa Kiskoti una drafti yake. Nilijua ana binti mmoja. Sikujua kwamba binti huyo ndiye mchumba wa Ema.

Ema aliponiona nyuma ya meza, nimevaa miwani na futi shingoni, uso wake ulifunguka.

"Shikamoo, Mzee Mhina," akasema. "Sikujua unafanya huku."

Nikamjibu kwa Kiingereza, habari za mchana bwana, tafadhali simama wima. Nikaanza kumpima kama mtu nisiyemjua. Bwana Alan hakuona kitu. Alikuwa amejaa furaha yake. Alieleza kwamba hana mtoto wa kiume, kwamba alidhani kile kitambaa cha ukoo kitaishia kwake, na kwamba alimwomba Ema siku ya harusi waingie kanisani wao wawili wamevaa sawa. Alikuwa amekitunza kitambaa chenyewe, yadi nane, tangu binti yake alipozaliwa. Alikiweka mezani kwangu kwa mikono miwili.

"Hakuna mtu amewahi ni-ask kitu kama hiyo," Ema akaniambia kwa sauti ya chini wakati namshushia futi gotini. "Mimi sikumbuki hata sura ya baba."

Nilipaswa kusema neno. Badala yake nilingoja Bwana Alan atoke nje kupokea simu, nikamshika Ema mkono. "Sikiliza," nikamwambia. "Watu wa nyumbani hawajui kwamba nafanya kazi hii. Usimwambie mama yako. Usimwambie mtu yeyote."

Alinitazama kidogo, kama anayetafuta mzaha usoni mwangu. Kisha akasema, "Sawa, mzee. Siwezi sema. I promise."

Niliianza kilti yake wiki ile ile, na niwaambie ukweli, sijawahi kushona vizuri hivyo. Kitambaa kilikuwa cha zamani, kizito, kinatii kidole. Nilikunja marinda ishirini na saba. Nilikuwa nafika kazini mapema kuliko Bibi Jean. Nadhani nilikuwa najilipa deni la siku ile, nikiamini kwamba nikishona vizuri itatosha, na sitahitaji kusema lolote.

Basi kukawa na kikao cha kamati ya harusi. Mnajua vikao vyetu: Jumapili alasiri, chumba cha chini nyumbani kwa Mama Ema, pilau mezani, viti vya kukunja, na mwenyekiti mwenye daftari. Mwenyekiti alikuwa Bwana Mushi, kaka yake Mama Ema, mtu anayependa mambo yaende kama yanavyokwenda Moshi. Alisoma ajenda. Ukumbi, tayari. Chakula, tayari. Mavazi. Alisema bwana harusi atavaa suti nyeusi, tai ya dhahabu, na akamwuliza Ema kama ana la kuongeza.

Ema akasimama. Alikuwa ameandika kwenye karatasi, maskini, ili Kiswahili kisimkimbie. Akasema ameombwa na baba mkwe avae kilti, kwamba ni nguo ya ukoo, kwamba kwake yeye ni heshima, na anaomba baraka za wazee.

Kicheko cha kwanza kilitoka kwa Njoroge, Mkenya jirani yao, kijana mzuri ambaye mdomo wake hauna breki. "Ema, bro, hiyo si ni skirt? Ya primary kabisa. Utapiga picha aje na hiyo kitu?"

"Ni kilti," Ema akasema.

"Video itatumwa Moshi," Bwana Mushi akasema. "Mama yangu ana miaka tisini. Aone mjukuu wake amevaa marinda? Nitamweleza nini?"

Wengine wakaingia. Mmoja akasema wazungu wanatujaribu. Mmoja akasema vijana wa huku wamepotea. Ema aliendelea kusimama na karatasi yake. Mama Ema alikuwa amekaa karibu na ngazi, mikono mapajani, hajasema neno tangu mwanzo. Alinyoosha mkono mwenyekiti ampe nafasi.

"Tunabishana juu ya nguo na fundi tunaye hapa," akasema. "Mzee Mhina anajua nguo kuliko sisi wote. Mimi naomba asimame atuambie. Atakalosema yeye, mimi nitalikubali, na kaka zangu nawaomba mlikubali."

Chumba kizima kiligeuka kunitazama. Ema naye alinitazama, na niliona mabega yake yameshuka, mtu aliyetua mzigo. Alidhani ameokoka.

Vijana wangu, nimefikiria dakika ile mara nyingi kuliko nilivyofikiria siku ya ndoa yangu. Nilichotakiwa kusema kilikuwa kidogo. Nilitakiwa kusema, hii ni nguo ya wanaume, naijua kwa sababu ninaishona, na ya huyu kijana iko mezani kwangu. Sentensi moja. Lakini nilimwona Njoroge ameweka mkono mdomoni akizuia kicheko, nikaona jinsi kicheko hicho kitakavyonigeukia mimi, na watakavyosema Mzee Mhina wa suti kumbe anashona sketi za wanaume. Niliogopa. Umri wangu miaka sitini na sita, nikaogopa kuchekwa.

Nikasimama nikarekebisha koti. Nikasema nguo ina adabu yake. Nikasema mwanaume aliyelelewa na mama mjane kwa taabu hawezi kumlipa mama huyo kwa kusimama mbele ya madhabahu amevaa marinda. Nikasema suti nyeusi haijawahi kumwaibisha mtu. Nilisema vizuri, ndiyo ubaya wake. Watu walipiga makofi. Bwana Mushi alisema, mambo yamekwisha, fundi ameamua.

Ema aliikunja karatasi yake mara mbili, akaiweka mfukoni. "Sawa," akasema. "Nimesikia, mzee."

Angeweza kunivua nguo pale pale kwa maneno matano, na kila mtu angemwelewa. Alikuwa ameahidi. Mama Ema aliinama akaanza kukusanya sahani, ingawa watu walikuwa bado wanakula. Niliona hilo nikalitafsiri kwa faida yangu. Nikajiambia, amefarijika.

Bwana Alan alikuja dukani siku chache baadaye. Aliniambia Ema amebadili mawazo, hakumweleza sababu, amesema tu samahani. Aliuliza kama kitambaa kinaweza kurudishwa. Kisha akasimama pale, kofia mkononi, akaniuliza mimi, kwa sababu alimsikia Ema akinisalimu kwa lugha yetu, kama labda kijana hakuipenda tangu mwanzo, kama alikuwa anamkubalia kwa huruma tu.

Nilimwambia vijana wa siku hizi hubadilika.

Hilo ndilo neno linaloniamsha usiku. Hotuba ya kikaoni naweza kuitafutia visingizio, nilishtukizwa, nilizungukwa na watu. Lakini kwa Bwana Alan hakukuwa na mtu. Tulikuwa wawili tu, nikachukua woga wangu nikamvisha mtoto ambaye hakuwepo.

Bibi Jean akaniambia nifumue. Nilifumua mwenyewe, sikutaka mwingine aiguse. Kufumua kilti ni kazi, nawaambia hili kama mbinu pia: tumia wembe mpya, kata mshono mmoja mmoja, usivute uzi, maana sufu ikivutwa inaacha kidonda kisichopona. Rinda moja lilinichukua robo saa. Nilipofika la kumi Bibi Jean akaniletea chai. Nilipofika la ishirini akaketi mbele yangu akaniuliza kama ninaumwa. Nikasema ni macho. Mwisho kitambaa kikawa bapa tena mezani, lakini alama za mikunjo zilibaki, mistari ishirini na saba, na pasi haikuziondoa zote. Nilikikunja nikakiweka kwenye mfuko wa karatasi, na Bwana Alan akaja kukichukua wakati nimeomba ruhusa kutoka.

Harusi ilifanyika College Park, na ilikuwa nzuri, siwezi kusema vinginevyo. Ema alivaa suti nyeusi na tai ya dhahabu. Bwana Alan aliingia kanisani na binti yake, amevaa kilti peke yake kati ya watu mia mbili. Mimi nilikaa na shangazi wawili wa Ema waliotoka Moshi siku chache kabla. Walicheka wakijiziba midomo kwa vitenge, si kwa ubaya, kwa mshangao tu. Mmoja aliniuliza, "Mzee, na wewe fundi, hebu tuambie, hiyo sketi ya huyo baba inashonwaje?" Nikacheka nao. Nikasema sijui, mambo ya wazungu.

Ukumbini, kabla ya keki, Bwana Alan aliniona. Akaja moja kwa moja mezani kwetu, mkono mbele, akanishika bega akawaambia wale shangazi kwa Kiingereza, tena kwa sauti ya mtu mwenye furaha, kwamba huyu ndiye mtu aliyemshonea kilti ile, na kwamba katika maisha yake hajaona mikono kama yangu. Akageuza mgongo kidogo ili wayaone marinda.

Shangazi hawajui Kiingereza. Ema alikuwa amesimama nyuma yake na bibi harusi. "Anasema nini baba mkwe?" wakamwuliza.

Ema akanitazama. Niliona anafikiria, haikuchukua hata sekunde mbili.

"Anasema amefurahi kumfahamu mzee wetu," akawajibu.

Shangazi wakashukuru, wakapiga vigelegele vidogo. Bwana Alan akatabasamu, akidhani wamesifu kilti. Mimi nilibaki nimekaa. Nilitamani mtoto yule anitukane, anitupie glasi, afanye chochote ambacho kingenipa nafasi ya kukasirika. Alinishika bega lile lile alilolishika baba mkwe wake, akaenda kukata keki.

Nimestaafu sasa. Bibi Jean ameuza duka, macho yangu ya karibu yamekwisha kweli, na lile koti la kijivu nimelitoa garini nikalipeleka kwenye sanduku la misaada. Ema anakaa Fairfax, ana mtoto. Tukikutana ananipa shikamoo ile ile, na kila mara inanichoma. Mwezi uliopita nilishindwa. Niliendesha mpaka kwa Mama Ema mchana, saa anayotoka kazini, nikamkuta jikoni bado na sare yake, anachambua mchele. Alinivutia kiti.

Nikamweleza yote. Nilianza na duka, nikamwambia ni miaka kumi na tisa nashona kilti, sijawahi kushona suti hata moja Marekani. Nikamwambia ya Ema ilikuwa mezani kwangu siku ile nikisimama mbele yao. Nikamweleza ahadi niliyomfunga nayo, na nilichomwambia Bwana Alan, na kilichosemwa kweli pale ukumbini. Nikamwomba msamaha.

Hakuacha kuchambua. Alitoa kijiwe kimoja akakiweka pembeni.

"Mzee wangu, mimi nilijua," akasema. "Miaka miwili kabla ya kikao kile. Nilikuwa namtunza babu mmoja Fairfax, alitaka azikwe na kilti yake na ilikuwa imemlegea. Nikaileta hapo dukani kwenu. Nikakuona kupitia kioo, umeinama unashona kwa mkono, polepole, kama mtu anayemfunga mtoto kidonda. Nikarudi kwenye gari nikamtuma mwenzangu aipeleke, nisije nikakutia aibu. Ile kilti ilirudi nzuri, mzee. Yule babu tulimzika amependeza."

Nikamuuliza kwa nini basi alinisimamisha mbele ya watu.

Aliacha mchele akanitazama kwa mara ya kwanza tangu nianze kusema.

"Kwa sababu ulikuwa mtu mmoja tu pale ambaye kaka zangu wangemsikiliza," akasema. "Mimi nilishakubali mwanangu avae. Nilikuwa nangoja wewe uwaambie."